Elizabeth Fry na jumba la Plashet: sadaka inapopoteza nyumba yake

Novemba 1828 benki ya ukoo wa Fry jijini London ilishindwa kuwalipa wadai wake, ikafunga milango. Mwaka uliofuata Elizabeth Fry, ambaye jina lake lilikuwa limeshavuma Ulaya kwa kazi yake ya kuwahudumia wanawake wafungwa katika gereza la Newgate, London, alihama Plashet, jumba la wakwe zake alilokaa miaka 20. Akaenda kuishi katika nyumba ndogo zaidi Upton Lane, jirani na mdogo wake Samuel. Mumewe, Joseph, alitengwa na jumuiya ya Waquaker, Wakristo wanaojiita pia Marafiki, maana kwao kufilisika huku umeshika fedha za watu kulikuwa kosa la kidini. Kukazuka minong'ono kwamba fedha za wateja wa benki ndizo zilizokuwa zikiwapikia maskini supu.

Wanaosimulia maisha ya Bi Elizabeth huipita habari hii haraka haraka, wakakimbilia magereza na wafalme. Mimi naona ndipo pa kuanzia. Mwenye hisani anapopoteza nyumba ndipo tunapojua kazi ipi ilikuwa imesimama kwa miguu yake na ipi ilikuwa imeegemea ukuta wa jumba. Kwake zilikuwepo za aina zote mbili, na tofauti kati yake ina maana kubwa kwa kila anayefikiria habari za kusaidia watu.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sina ugomvi nao. Lakini kwa mwanamke huyu moyo na utajiri vililelewa chumba kimoja, na kumsifia kimoja huku tukikificha cha pili ni kumpunja.

Alizaliwa Mei 21, 1780 mjini Norwich, mashariki mwa Uingereza. Baba yake, John Gurney, alikuwa mtu wa biashara ya sufu na benki. Mama yake, Catherine, alikuwa na damu ya ukoo wa Barclay, nao watu wa fedha. Mwaka 1786 familia ilihamia Earlham Hall, nje kidogo ya mji. Jumba hilo halikuwa lao. Walilipanga kwa ukoo wa Bacon, wakaendelea kulipa kodi kizazi baada ya kizazi hadi 1912, na kwa muda wote huo watu wa Norwich waliita Earlham nyumba ya akina Gurney. Mwaka 1792 mama alifariki akaacha watoto 11, Elizabeth akiwa na miaka 12, na dada mkubwa akashika funguo za nyumba.

Waquaker walijulikana kwa mavazi ya rangi iliyopoa na maisha yasiyo na mapambo. Akina Gurney hawakuwa wakali hivyo. Kwao kulikuwa na muziki na dansi. Siku ya ibada ya Februari 1798 ambayo mhubiri William Savery kutoka Marekani alisimama kuzungumza katika nyumba ya mikutano ya Goat Lane, Elizabeth alikuwa amevaa buti za zambarau zenye kamba nyekundu. Dada yake alizikumbuka buti hizo maisha yote. Binti huyo wa miaka 17, mwoga wa giza na wa bahari, alitoka pale analia, na haukupita muda mrefu akaanza kuwakusanya watoto wa maskini wa jirani nyumbani kwao ili kuwafundisha kusoma. Walianza wachache, wakafika 70 na zaidi. Dada zake wakawatania kwa kuwaita vishetani vya Betsy, yaani vya Elizabeth, kwa jina lake la nyumbani.

Shule hiyo ilikuwa katika chumba cha kufulia nguo cha Earlham. Naomba msomaji akitazame vizuri chumba hicho. Watoto sabini walienea ndani ya sehemu ambayo familia ile iliitumia kwa ajili ya shuka na mashati tu. Binti hakuomba kibali popote, hakuchangisha kodi, hakuandika barua kwa mfadhili. Alifungua mlango. Wanawake wangapi wa Norwich wa wakati ule walikuwa na huruma kama yake, na hawakuwa na mlango wa kufungua? Hatuyajui majina yao, na hatuwezi kuyajua, kwa sababu huruma isiyo na chumba haiachi kumbukumbu.

Agosti 1800 aliolewa na Joseph Fry, wakakaa kwanza St Mildred's Court, katikati ya London ya wafanyabiashara, ambako wageni wa Kiquaker walikuwa wakiingia na kutoka mwaka mzima. Mwaka 1809, baada ya baba mkwe kufariki, walihamia Plashet, wakati huo kijiji cha mashariki ya London. Hapo ndipo alipokuwa mama wa watu hasa. Alikuwa na chumba cha akiba cha vitambaa vya kaliko na flaneli, nguo za maskini na dawa. Majira ya baridi supu ilichemshwa kwa wingi. Alifungua shule ya wasichana kwa kushirikiana na kasisi wa parokia. Wairishi maskini waliokaa nusu maili kutoka kwake aliwajua kwa majina, na Waroma, watu wa kuhamahama, waliokuja kupiga kambi kila mwaka walijua kwamba mtoto akiugua, mlango wa kugonga ni ule. Alijifunza kwa daktari namna ya kuchanja ndui, wakati ambapo chanjo ya Jenner ilikuwa na umri wa miaka kumi na kitu tu na watu wengi bado waliiogopa, akawachanja watoto wa vijiji vya jirani kwa mkono wake mwenyewe.

Ni kazi nzuri na siidharau hata kidogo. Mtoto aliyechanjwa Plashet hakufa kwa ndui, na hakuna uchambuzi wa kuliondoa hilo. Lakini kila kitu hapo kilitoka ndani ya nyumba moja na kiliamuliwa na mtu mmoja. Nyuma yake kulikuwa na wapishi, yaya, watumishi wa kubeba kuni na maji, watu wa kazi ambao simulizi hazikuwahifadhi. Supu haichemki kwa nia njema ya bibi mwenye nyumba. Kuna mtu aliyeamka alfajiri kuwasha moto. Na juu ya wote hao kulikuwa na benki.

Mwaka 1813 Stephen Grellet, Mquaker mzaliwa wa Ufaransa aliyekuwa amehamia Marekani, aliingia gereza la Newgate akatoka ametikisika. Alikwenda moja kwa moja kwa Elizabeth kumweleza kwamba kuna watoto wachanga mle ndani wasio na nguo. Elizabeth alifanya kile ambacho mtu wa Plashet angefanya: alitafuta flaneli, akakusanya wanawake wenzake, wakashona, kisha yeye na Anna Buxton wakaenda kuzipeleka. Walikuta wanawake karibu 300 na watoto wao wamebanwa pamoja, waliokwisha kuhukumiwa na wanaosubiri kesi, mwizi wa kanga moja, tuseme, na muuaji. Wanalala sakafuni, wanapika palepale, wanafua palepale. Inasimuliwa kwamba aliona wanawake wawili wakimvua nguo mtoto mchanga aliyekufa ili wamvishe aliye hai.

Akagawa nguo, akaomba, akarudi nyumbani. Kisha hakurudi Newgate kwa karibu miaka minne.

Simulizi nyingi huiruka miaka hiyo minne, nami nashangaa, kwa sababu ndiyo yenye somo. Katika miaka hiyo alijifungua tena, aliugua, na mwaka 1815 alimzika binti yake mdogo, naye aliitwa Betsy, akiwa hajafikisha miaka mitano. Biashara ya mumewe ilianza kuyumba. Mwaka 1816 ndugu zake waliingilia kati: watoto wakubwa wakagawanywa, wavulana shuleni, mabinti Earlham na kwa ndugu wengine, ili kupunguza gharama na kumpumzisha mama. Mwisho wa mwaka huohuo wa 1816 Elizabeth alirudi Newgate, na safari hii hakuondoka. Sioni kwamba mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati tu. Kazi kubwa ya maisha yake iliwezekana pale ukoo ulipochukua mzigo wa nyumba yake. Watu wetu wanalijua jambo hili bila kufundishwa, kwamba mama anayeonekana kwenye mikutano ana dada au shangazi aliyebaki na watoto. Kinachokosekana ni kulisema wazi tunapogawa sifa.

Safari hii alikwenda tofauti kabisa. Hakuanza na nguo. Aliwauliza wanawake wa Newgate kama wangependa watoto wao wafundishwe, na walipokubali, akawaambia wachague mwalimu miongoni mwao. Wakamchagua Mary Connor, msichana aliyefungwa kwa kuiba saa. Mwaka 1817 Elizabeth na wenzake, wengi wao Waquaker, waliunda chama cha kushughulikia wafungwa wanawake wa Newgate. Wakaandika kanuni: awepo msimamizi wa kike muda wote, wanawake wagawanywe katika vikundi visivyozidi 12 kila kimoja na kiongozi wake, wapate kazi ya kushona na kufuma yenye malipo, waache kamari, matusi na kuombaomba. Kanuni zikasomwa moja baada ya nyingine mbele ya wafungwa, na kwa kila moja wakaombwa kunyoosha mikono kama wanaafiki.

Waliokuwa wakinyoosha mikono hiyo ni watu ambao baadhi yao walikuwa wakisubiri kunyongwa. Maofisa wa jiji walikuwa wameshasema kwamba haiwezekani, kwamba hata vitambaa vya kushonea vitaibwa. Haikuwa hivyo. Baada ya majaribio ya muda mfupi, jiji la London lilizikubali kanuni zile na kuchangia mshahara wa msimamizi. Februari 1818 Elizabeth aliitwa kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Mwaka 1821 vyama vya wanawake vya namna hiyo viliunganishwa kuwa jumuiya ya nchi nzima, na sheria ya magereza ya 1823 iliagiza wafungwa wanawake wasimamiwe na wanawake.

Plashet alikuwa akitoa vitu vyake. Newgate alitengeneza utaratibu ambao wengine wangeweza kuushika. Kwangu hiyo ndiyo hatua iliyomtoa katika orodha ndefu ya mabibi wakarimu wa enzi yake, na ndiyo iliyomwokoa benki ilipoanguka.

Hakushinda kila mahali. Mwaka huohuo wa 1818 kulikuwa na mfungwa aitwaye Harriet Skelton, mtumishi wa ndani aliyehukumiwa kifo kwa kutumia noti bandia, kosa alilolifanya kwa kushawishiwa na mumewe. Elizabeth, binti wa mwenye benki na mke wa mwenye benki, alihangaika kumwombea msamaha. Alifika hadi kwa waziri, Lord Sidmouth, ambaye alimkatalia na kukasirika. Skelton akanyongwa. Kwa miaka ya 2002 hadi 2017 noti ya pauni 5 ya Benki ya Uingereza ilibeba sura ya Elizabeth Fry na picha yake akiwasomea wafungwa wa Newgate. Ningependa kila aliyeishika noti ile angesimuliwa habari za Harriet.

Wengi ambao hawakunyongwa walipelekwa uhamishoni Australia. Ilikuwa desturi usiku wa kuamkia safari wanawake kufanya ghasia na kuvunja kila kinachovunjika, kisha kusafirishwa asubuhi katika magari ya wazi, wamefungwa pingu, huku umati ukiwazomea. Elizabeth alimshawishi mkuu wa Newgate wapelekwe katika magari yaliyofunikwa, akaahidi kufuatana nao mwenyewe hadi bandarini. Ghasia zikaisha. Tangu hapo yeye na wenzake walizipanda meli zaidi ya 100 kabla hazijang'oa nanga, na kila mwanamke alipewa mfuko wenye Biblia, aproni, sindano, nyuzi na vipande vya kitambaa vya kushona njiani.

Kimoja kati ya vilivyoshonwa kwa vipande hivyo kipo mpaka leo. Mwaka 1841 meli ya Rajah iliondoka Uingereza na wanawake wafungwa 180 kuelekea Hobart. Katika miezi mitatu ya bahari walishona mfarishi wa viraka 2,815, wakadarizi pembeni maneno ya shukrani kwa kamati ya wanawake iliyowahudumia, wakaurudisha Uingereza. Ulikuja kuonekana tena Scotland katika miaka ya 1980, na sasa umehifadhiwa katika jumba la sanaa la taifa la Australia. Wanaoutazama kwa karibu huona kwamba mishono haifanani. Mingine ni ya mikono iliyozoea, mingine ni ya mtu anayejifunza, na hapa na pale kuna alama ndogo za damu ya vidole vilivyochomwa na sindano.

Tazama tarehe. Mfarishi huo ulishonwa miaka 12 na zaidi baada ya Plashet kuondoka mikononi mwa akina Fry. Chumba cha akiba hakikuwepo tena, watumishi wengi hawakuwepo tena, na maisha ya Elizabeth mwenyewe yalitegemea posho ya ndugu zake. Mifuko iliendelea kufika melini. Ilikuwa mikononi mwa kamati, yenye daftari, michango na zamu. Na mwaka 1840, akiwa bado katika nyumba ile ndogo ya Upton Lane, alianzisha London mafunzo ya wauguzi wa kuwahudumia wagonjwa majumbani, matajiri kwa maskini, miaka 20 kabla Florence Nightingale hajafungua shule yake ya wauguzi. Mfalme wa Prussia alipokuja Uingereza mwaka 1842 alikwenda naye Newgate, kisha akala chakula cha mchana Upton Lane. Umaarufu wake haukuwa umepungua kwa kupungua kwa nyumba.

Liko shitaka moja ambalo wapenzi wake hawapendi kuligusa, nalo ni la watoto. Alizaa 11, na hata wakati wake Waquaker wenziwe walinong'ona kwamba anawaacha wa kwake kwa ajili ya wa wenzake. Yeye mwenyewe aliumia nalo. Shajara yake ya mwaka 1817 ina orodha ya vinavyomvuta, mume, watoto, nyumba, hesabu, mikutano, kanisa, ndugu, marafiki na Newgate, vyote pamoja. Watoto wake wengi walipokua waliuacha Uquaker. Siamini kwamba shitaka hilo ni la kutupwa. Mtoto aliyepelekwa kulelewa kwa mjomba ana haki ya kusema alimkosa mama. Lakini shemeji yake, Thomas Fowell Buxton, aliyemwoa mdogo wake Hannah, ndiye aliyeongoza bungeni vita dhidi ya utumwa hadi sheria ya 1833 ikapita, na sijasoma popote mtu akimlaumu Buxton kwa saa alizokosekana nyumbani kwake. Kama tunahesabu gharama ya hisani kwa familia, basi tuihesabu kwa wote.

Majumba yenyewe yalikwenda njia zake. Plashet haipo tena. Jina limebaki kwa bustani na mitaa ya mashariki ya London, sehemu ambayo leo ina wahamiaji wengi wa Asia na Afrika. Shamba la mdogo wake Samuel liligeuzwa mwaka 1874 kuwa bustani ya umma ya West Ham. Earlham Hall imekuwa sehemu ya chuo kikuu cha East Anglia, na wanafunzi husoma sheria humo. Kampuni kubwa ya fedha ya Overend Gurney ilianguka mwaka 1866 kwa kishindo, na benki ya Gurney ya Norwich ikaungana na nyingine mwaka 1896 kuzaa Barclays, jina ambalo kwa miaka mingi lilikuwa mitaani Nairobi na Dar es Salaam.

Kuna mkondo mwingine uliotoka Earlham ukafika kwetu, na wengi hawaujui. Mdogo wake Elizabeth, Joseph John Gurney, aliyebaki akiishi katika jumba lile, alizunguka Marekani kuanzia 1837 hadi 1840 akihubiri Uquaker wenye kuipa Biblia na uinjilisti nafasi kubwa. Jumuiya zilizomfuata ndizo zilizowatoa Wamarekani watatu waliofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Leo Kenya ina Waquaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na katika Kanisa la Marafiki wa Vihiga na Kakamega mtu anaweza kuabudu maisha yake yote bila kusikia kwamba nasaba ya imani yake inapita katika nyumba iliyokuwa na shule kwenye chumba cha kufulia.

Pwani yetu haikuhitaji kusubiri habari za Plashet ili kuelewa udhaifu wa sadaka inayokaa jikoni kwa mtu. Ndiyo maana kulikuwa na wakfu: mwenye nyumba au shamba anaitoa mali katika mikono yake na ya warithi wake, na mapato yanakwenda msikitini, kisimani au kwa maskini, awepo au asiwepo. Wanawake wenye mali waliweka wakfu nao. Lakini siku hizi tunaposherehekea akina mama wanaolea yatima majumbani mwao, tunapiga picha sebuleni, tunasifu moyo, tunakabidhi magunia ya mchele, na hatuulizi hati ya nyumba ina jina la nani, wala nani mwingine anajua hesabu, wala watoto 30 wale watalala wapi siku mama huyo akiugua au ndugu zake wakitaka kuuza. Ni maswali yasiyo na adabu, watasema. Kwa mtoto wa kituo ndiyo maswali yenye huruma zaidi.

Elizabeth Fry alifariki Ramsgate Oktoba 12, 1845, akazikwa Barking kimyakimya kwa desturi ya Waquaker, mbele ya watu zaidi ya 1,000. Waliotaka kumkumbuka walikusanya fedha, na mwaka 1849 wakafungua Hackney, London, makazi ya wanawake wanaotoka gerezani bila pa kwenda. Kazi hiyo baadaye ilihamia mji wa Reading, na hadi karne hii imeendelea kuwapokea wanawake wanaomaliza vifungo vyao.